Istilahi za Mwili: Shingo au Mlango?

Msanifishaji wa istilahi anapotafuta jina la kiungo cha mwili, mara nyingi hufungua kwanza kamusi ya kigeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hana budi pia kuchunguza jinsi wananchi wenyewe wanavyouelewa mwili.

Tuchukue mfano wa Wachaga wa Rombo, mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Knut Christian Myhre, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko, ameeleza kwamba neno moongo katika lugha yao lina maana ya uti wa mgongo na pia ya mlango wa nyumba. Mgeni atadhani maana hizo zimekutana kwa bahati tu. Sivyo. Kwa Warombo, mwili na nyumba hupitiwa na kitu kimoja, yaani horu, nguvu ya uhai. Horu humwingia mtu kwa chakula, na kwa uzazi humfikia mtoto. Mgongo na mlango ni njia zake. Ndiyo sababu jina ni moja.

Fikra hii si ngeni katika Kiswahili. Tumbo la uzazi huitwa mji wa mimba, na jamaa wa ukoo mmoja huitwa watu wa mlango mmoja. Sehemu ya chini ya mji huo, anamopitia mtoto anapozaliwa, ina majina mawili: shingo ya kizazi na mlango wa kizazi. La kwanza linafuata Kilatini, ambamo kiungo hicho huitwa shingo kwa sababu ya umbo lake. La pili linataja kazi yake.

Jambo hili si la kamusi tu. Saratani ya sehemu hiyo huua wanawake wengi nchini. Mwaka 2014 chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa kwa majaribio katika Mkoa wa Kilimanjaro, na mwaka 2018 ikaenezwa nchi nzima. Mama wa Moshi anayeitwa kupimwa shingo ya kizazi huenda akauliza kwanza shingo hiyo iko wapi. Akiambiwa mlango wa kizazi, jina lenyewe limekwisha kumweleza.

Ni kweli kwamba waganga wengi wamezoea shingo, na mazoea hayapuuzwi. Hata hivyo, istilahi ya afya humhudumia mgonjwa kabla ya mtaalamu. Kwa hiyo tunapendekeza mlango wa kizazi liwe jina la kwanza katika mabango na mafunzo ya wananchi, na shingo ya kizazi liorodheshwe kuwa kisawe chake.