Hazina ya Mombasa iko mlangoni, lakini wengi huipita tu

KILA ifikapo Desemba, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunganya virago na kuteremka Mombasa. Wengine hupanda basi la usiku, wengine treni ya SGR iliyoanza safari zake 2017. Wakifika, mambo huwa ni yale yale: kuogelea, kunywa madafu, kupiga picha chini ya zile Pembe za Moi Avenue, kuvuka feri ya Likoni, basi. Januari watoto hurudi shuleni wakiwa wameungua jua, na hawana la kusimulia isipokuwa maji ya chumvi.

Ilhali katika mji huo huo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka katikati ya mji, kuna kazi za mikono ambazo watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuzitazama. Zimechongwa kwenye milango, zimejengwa kwenye kuta, zimeshonwa kwenye kofia na kupigwa chapa kwenye leso. Nyingi hazina kiingilio. Kinachotakiwa ni macho tu, pamoja na subira ya kusimama mahali ambapo wengine wanapita mbio.

Mahali pa kuanzia ni Fort Jesus. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Ikageuzwa makumbusho 1960, na 2011 shirika la UNESCO likaiweka katika orodha ya Turathi za Dunia. Hayo wanafunzi huyasoma vitabuni. Wasichoambiwa ni kwamba ndani yake kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na mabaharia na askari wa Kireno: merikebu, watu na samaki, iliyochorwa kwa masizi na udongo mwekundu. Hawakuwa mafundi walioajiriwa. Walikuwa watu waliokuwa mbali na kwao, na ukuta ukawa daftari lao. Wenyeji waliofuata nao waliacha yao, kwani katika nyumba za wakuu wa Kimazrui mna mbao zilizochongwa maandishi ya Kiarabu.

Mlango husomwa

Ukitoka ngomeni, shika Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, na kwa muda mrefu hii ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya mji. Hapa ndipo penye milango.

Mlango wa nakshi una sehemu zake, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzijua kwa dakika tano. Juu kuna kizingiti, ambacho aghalabu ndicho chenye nakshi nyingi kuliko kwingine. Wakati mwingine hubeba aya ya Kurani au mwaka wa Hijria, kwa hiyo mlango wenyewe hutaja umri wake. Pembeni kuna miimo miwili. Katikati, mahali zinapokutana mbao mbili zinazofunguka, kuna nguzo nyembamba iitwayo mfaa. Mfaa umeshikamana na ubao mmoja, nao ndio huziba ule mwanya kati ya mbao hizo.

Nakshi zenyewe huwa ni maua ya duara, majani ya mtende, mawimbi, minyororo, na mara nyingine samaki. Wanaotembeza wageni humpa kila alama maana yake: samaki ni rutuba na riziki ya bahari, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi. Maana hizo hutofautiana kutoka msimulizi hadi msimulizi. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mlango ulikuwa tangazo. Kabla mgeni hajabisha hodi, alikwisha kujua kama mwenye nyumba ni mtu wa uwezo na wa dini, na pengine hata alikotoka.

Kwa maana milango hii si ya namna moja. Iko yenye asili ya pwani ya kaskazini, Lamu na Siyu, ambayo nakshi zake ni za maumbo ya pembe na mistari iliyokatwa kwa ustadi mkubwa. Iko ya mtindo wa Unguja na Omani, yenye kizingiti kilichonyooka na maua yaliyojaa. Tena iko ya Kihindi, ya Gujarati, iliyogawanywa katika vyumba vidogo vidogo vya mraba, au yenye tao juu. Fundi wa pwani hakuona haya kuchukua la Mhindi akalichanganya na la Mwarabu na lake mwenyewe. Mchanganyiko huo ndio Mombasa.

Mbao zilizotumika ni za kudumu: msaji ulioletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, mvule, mbambakofi na hata mfenesi. Fundi huchora kwanza kwa penseli na bikari, kisha hushika patasi, kubwa na ndogo, akikata muhtasari, akichimba kina na kulainisha kingo, hadi mwisho afikie msasa. Hakuna njia ya mkato. Patasi ikiteleza kwenye ua la mwisho, ubao mzima umeharibika. Mlango mmoja mkubwa waweza kumla fundi wiki nyingi, au hata miezi.

Inua macho

Sasa usitazame milango tu, inua na macho. Juu ya Ndia Kuu na vichochoro vyake zimening'inia roshani za mbao, nyingi zikiwa za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati wafanyabiashara wa Kihindi walipojenga maduka chini na makao juu. Vimiti vilivyopangwa kama wavu huwawezesha wa ndani kuona barabara bila wao kuonekana, na huruhusu upepo wa bahari kupita. Hiyo ndiyo iliyokuwa feni ya wakati huo, wala haikuhitaji stima.

Kuta nazo zina akili yake. Zimejengwa kwa matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo ikiwa ndefu mno, vyumba vya nyumba za zamani huwa vyembamba na virefu. Ndani, ukutani, huwamo zidaka za kuwekea vyombo na vitabu, na nje kuna baraza ya kukalia wageni. Kwa hivyo mti wa mkokoni ndio uliopima ukubwa wa sebule ya babu zetu.

Leso, kofia na vinyago

Ukishatosheka na mawe na mbao, tembea hadi Biashara Street. Hapa kuna sanaa inayovaliwa. Neno "leso" limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga pamoja wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona faida iko wapi, wakaanza kuagiza nguo ambayo tayari imepigwa chapa nzima. Miongoni mwao ni nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa 1887 na ambayo alama yake, "Mali ya Abdulla", kina mama wengi wanaijua kuliko wanavyojua majina ya wabunge wao.

Leso ina pindo, ambalo ni ule ukingo unaoizunguka. Ina mji, yaani katikati. Kisha ina jina, yale maneno yanayosemwa kwa niaba ya mvaaji. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo mtu aliyekosana na jirani hana haja ya kufungua kinywa, hujifunga leso akapita mlangoni pake mara mbili. Na ukiona leso ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ujue kuna harusi karibu. Nje ya maduka mafundi wa cherehani hukaa tayari kukukatia na kukupindia jozi yako ukisubiri.

Karibu na hapo utaona pia kofia za viua, ambazo hushonwa kwa sindano tundu moja baada ya jingine. Tundu hizo ndizo ua na ndizo zinazopitisha hewa kichwani. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Kwa hiyo mtu akikutajia bei ukashtuka, gawanya bei hiyo kwa siku alizoinama mshonaji, ndipo utaona nani anayepaswa kushtuka.

Sanaa ya Mombasa si ya Waswahili peke yao. Huko Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa 1963. Inaelezwa kuwa uchongaji wa vinyago vya kuuza ulifika Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kutoka Wamunyu kazi hiyo ikafuata watalii hadi pwani. Kwa miaka mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu, miti inayokua polepole mno. Ilipoanza kuadimika, wakahimizwa tangu miaka ya 1990 kutumia mwarobaini na mwembe, miti ya mashambani inayokua haraka. Swara wa mwarobaini hana haya mbele ya swara wa mpingo, ila mnunuzi lazima aelimishwe.

Hatari iko wapi?

Tukisema ukweli, hazina hii inapungua. Chukua mfano wa nyumba moja ya kale. Aliyeijenga ameshafariki, na wanawe pia. Leo ina warithi ishirini, wengine Jeddah, wengine London, wengine Kisauni. Kila mmoja ana fungu lake, lakini hakuna mwenye jukumu la kuziba paa. Mvua ya masika inaingia, boriti zinaoza, na siku moja anatokea mnunuzi akiutaka mlango tu. Pesa anazotoa zinalipa karo ya muhula. Ni nani atakayemlaumu mrithi?

Hata hivyo, wengi hawajui kwamba mlango ule si mali ya kuuzwa kama kabati. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inataja waziwazi, miongoni mwa vitu vinavyolindwa, mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Ni vitu vichache mno nchini ambavyo sheria imevitaja kwa jina namna hiyo. Tatizo ni kwamba sheria hukataza kuuza bila kumpa mrithi pesa za kutengeneza.

Hatari nyingine huja kwa sura ya ukarabati. Mtu mwenye nia njema hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Saruji haipumui kama chokaa, kwa hiyo unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kumomonyoka nyuma ya plasta nzuri. Mwingine hung'oa roshani akaweka dirisha la alumini. Hata rangi ina siasa zake: 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Mji ulipata usafi, lakini usafi wa rangi haushiki boriti iliyooza.

Dawa ni mafundi, na mafundi hawapatikani bila kazi. Katika miaka ya 1990 kulianzishwa Kituo cha Utamaduni wa Kiswahili, Mombasa na Lamu, kuwafunza vijana useremala wa nakshi, uashi na ushonaji. Lakini kijana aliyefuzu patasi atakula nini ikiwa sisi wenye nyumba mpya za Nyali na Syokimau tunaagiza milango ya kiwandani kutoka ng'ambo? Ikiwa mzazi anajenga, na amruhusu fundi achonge japo kizingiti kimoja. Akinunua zawadi, na anunue kwa mwenye sindano au patasi mkononi, aulize ni mti gani na ni siku ngapi.

Likizo ijayo, basi, tenga asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Mpe kila mtoto penseli na daftari, achore kizingiti kimoja na kuandika pindo la leso moja. Vaeni kwa heshima, na mwombe ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa kuwa nyuma ya kila mlango mna jamaa wanaoishi humo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili hii bado ipo, na baadhi yake ina bawaba na komeo. Lakini haiwezi kumngoja milele mgeni ambaye kila mwaka huipita akielekea ufuoni.