Baada ya Malori ya Misaada Kuondoka Katesh

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, nchini Tanzania, ilimeguka baada ya mvua kubwa, ikateremka na tope, mawe na magogo hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki na wengi wakabaki bila makazi. Mimi ni mshauri nasaha, na nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwahudumia manusura waliohifadhiwa kwenye madarasa ya shule.

Wengi hudhani kazi yetu ni kumkalisha mtu chini na kumtaka atoe yote yaliyo moyoni. Siku za mwanzo hilo halifai kabisa. Zamani waathirika waliitwa mara moja tu, wakaombwa kusimulia walichokiona tangu mwanzo hadi mwisho. Utafiti ulionyesha kwamba kikao hicho hakimkingi mtu na maradhi ya baadaye, na wapo waliozidi kuumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unasisitiza mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha.

Kuunganisha ndiko kulikokula muda wetu mwingi. Mzee mmoja wa Kibarbaig alikaa nje ya darasa na fimbo yake, hataki chai wala godoro. Nilimwamkia, nikaketi karibu naye. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Binti yangu, majina ya walioko hospitali yanasomwa wapi?" Alikuwa anamtafuta mjukuu wake. Tulikwenda pamoja kwenye meza ya maafisa ustawi wa jamii, na kwa kuwa hakujua kusoma, nilimsomea orodha jina kwa jina. Tulilikuta katikati ya ukurasa wa pili. Akaniomba nilisome tena. Usiku ule mzee alilala, na hakuna swali la kitaalamu ambalo lingempa usingizi ule.

Wapo ambao jina hawakulikuta. Kwao tulihakikisha kwamba hawaendi kutambua mwili peke yao, na kwamba msiba unapata watu wake, sala zake na mila zake.

Lugha nayo ilikuwa jambo zito. Mama anayelia kwa Kiiraqw hafarijiwi kwa Kiswahili cha semina. Ndiyo maana tuliwategemea walimu, wachungaji, masheikh, wazee wa mila na akina mama wa palepale, tukawaelekeza namna ya kusikiliza bila kumkatiza mtu, na namna ya kutambua aliyezidiwa. Jambo hili lina ushahidi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Watoto walikuwa na mchezo wao: wanajenga vijumba vya udongo, kisha wanavimwagia tope. Mama mmoja aliwakemea kwa uchungu. Nilimwomba, "Mama, waache kwanza. Wanasimulia." Mtoto akikojoa kitandani au kung'ang'ania kanga ya mama yake katika wiki za mwanzo, asichapwe wala kuchekwa. Ale kwa wakati uleule, alale karibu na mtu anayemjua, arudi shule mapema. Mchezo ukiendelea kwa wiki nyingi bila furaha, hapo ndipo mtaalamu anatakiwa.

Wengi hupona wakiwa na ndugu na majirani zao. Lakini mwezi ukipita na mtu bado hali wala halali, anaruka kila mvua inapopiga bati, au amekimbilia pombe, apelekwe hospitali. Anayesema ni heri afe asisubirishwe hata siku moja.

Wanaoniuma zaidi ni vijana waliochimba tope kutafuta miili. Walisifiwa kwa ushujaa, wakapewa maji na mkate, wakarudi nyumbani na waliyoyaona. Mshauri hana budi kuwafuata shambani, kijiweni, kwenye kituo cha bodaboda, maana hawatakuja ofisini kwake. Nasi washauri tunahitaji zamu, mapumziko na mtu wa kutusikiliza, la sivyo tunachoka na kuanza kuwajibu watu kwa ukali.

Wiki za kwanza zina malori, viongozi na kamera. Kipindi kigumu huja baadaye, misaada ikipungua, wageni wakishaondoka na mvua za masika zikaanza kunyesha juu ya mlima uleule. Wakati huo ndipo mshauri anapohitajika hasa, na ndipo wengi wetu hatuonekani. Nawaomba wenzangu wa taaluma hii: nendeni sasa, kabla ya maafa mengine, mkajiandikishe kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu. Mkiitwa, pangeni na safari ya mwezi wa nne baada ya maafa.