Dume wa Zizini au Mbegu ya Mtungini?

Mfugaji wa Rhotia mwenye ng'ombe wawili bandani na mfugaji wa Endulen mwenye kundi la mia wakikutana mnadani, kila mmoja atakwambia anatafuta dume mzuri. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza hahitaji dume, anahitaji mbegu. Wa pili ukimwambia amsubiri mhimilishaji aje na pikipiki atacheka, na ana haki ya kucheka.

Tuweke bei za mfano, nawe uweke za kwako. Dume amenunuliwa kwa shilingi 2,000,000, akakaa zizini miaka 3, kisha akauzwa kwa wachinjaji kwa 1,500,000. Pengo ni 500,000. Ongeza dawa ya kupe, chanjo, chumvi na ujira wa mchungaji, tuseme 300,000 kwa mwaka, jumla inafika 1,400,000. Akiwahudumia majike 25 na wakapatikana ndama 15 kila mwaka, kila ndama amegharimu kama 31,000. Dume huyohuyo kwa mwenye ng'ombe wawili, atakayepata labda ndama 5 kwa muda huo, kila ndama ni 280,000, na hapo majani ya kukatiwa hayajahesabiwa. Sasa mbegu: huduma moja tuseme 40,000, na nusu ya majaribio ndiyo yanayoshika. Mimba moja ni 80,000. Kwa hiyo mfugaji wa bandani anayeng'ang'ania dume wake mwenyewe anajitia hasara, na mwenye kundi kubwa la kuchunga anayetaka kuhimilisha kila jike anajitia hasara vilevile.

Mbegu nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halifiki siku nzima. Akionekana asubuhi ahimilishwe jioni; akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Mrija wa mbegu unatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mwenye mtungi huenda yuko Karatu mjini wakati barabara ya kijijini kwako imegeuka tope la masika. Ukichelewa, umelisha siku 21 nyingine bila faida. Asiye na mtu wa kumtazama ng'ombe alfajiri na jioni asilaumu mbegu.

Mbegu nyingi zinazotumika nchini hutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Hapo ndipo tamaa inapoanza, maana kila mtu anataka Friesian kwa sababu ya ndoo ya maziwa. Lakini Friesian mkubwa hufikia kilo 600, na ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 18 kwa siku. Jersey wa kilo 400 anatosheka na 12, na maziwa yake yana mafuta zaidi. Karatu mwezi wa Septemba, majani ya tembo yamekauka na banda linaishi kwa mabua ya mahindi na maganda ya maharage, hizo kilo 6 ndizo zinazoamua nani auze ng'ombe. Kwa mwenye shamba dogo mimi ningechukua Jersey au Ayrshire. Isitoshe, jike mdogo wa asili akipandishwa na mbegu ya ng'ombe mkubwa anaweza kukwama wakati wa kuzaa, na ukimpoteza mama na ndama usiku mmoja, hesabu zote za juu zimefutika.

Kwa walioko bondeni, Mang'ola na ukanda wa Ziwa Eyasi, joto na kupe vinabadilisha mambo. Huko, ng'ombe aina ya Mpwapwa anastahili kufikiriwa. Ng'ombe huyu alitengenezwa hapa nchini, Mpwapwa mkoani Dodoma, kwa kuchanganya ng'ombe wa asili na damu ya Sahiwal, Red Sindhi, Boran na Ayrshire. Hatoi maziwa ya kujaza ndoo, ila anavumilia.

Ukipita lango la Lodoare kuingia Ngorongoro, dume anapimwa kwa miguu na kwa mama yake. Nyumbu wakianza kuzaa kwenye nyanda za Ndutu mwanzoni mwa mwaka, Wamaasai huondoa ng'ombe wao kwenye majani mafupi kwa kuogopa ugonjwa wanaoambukizwa na ndama wa nyumbu. Wanapanda nyanda za juu, wanakokutana na kupe na ndigana kali. Dume asiyeweza safari hiyo ni nyama tu. Sahiwal, mwekundu mwenye asili ya Punjab, ameongeza maziwa na uzito katika makundi mengi ya Wamaasai, hasa Kenya. Lakini anakula zaidi ya ng'ombe wa asili na hudhoofika mapema ukame ukikaza. Boran ana nyama nzuri na anatembea. Chaguo ambalo wanunuzi hulidharau ni dume wa asili aliyezaliwa na jike aliyevuka ukame akiwa bado ananyonyesha. Bei yake ni ya chini, na sifa zake wazee wa boma wanazijua kwa kichwa hadi kwa bibi yake.

Limebaki dume wa jirani, anayepandisha bure au kwa debe la pumba. Huyo ndiye ghali kuliko wote. Amepanda majike wa kitongoji kizima, na ugonjwa wa kutupa mimba haubishi hodi. Tena unampata binadamu kupitia maziwa mabichi na kondo la nyuma. Halafu kuna udugu. Dume akizidi miaka 3 mahali pamoja, anaanza kupanda binti zake, na ndama huja wadogo na dhaifu. Mwuze au mbadilishane na kijiji cha mbali kabla hajafika hapo. Na wale madume wengine wadogo mnaowaacha wazurure kundini, wahasiwe, la sivyo dume uliyemlipia milioni atakuwa mtazamaji.

Kabla ya kutoa fedha, mtazame akitembea, shika korodani zote mbili uone zinalingana, na uliza kama aliugua homa kali karibuni, kwa sababu mbegu mpya huchukua kama siku 60 kukomaa na dume aliyepona juzi anaweza kupanda bila kutia mimba. Mwite daktari wa mifugo achukue damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Mwuzaji akikataa damu isichukuliwe, rudi na fedha zako nyumbani.