Njia za kupunguza kaboni katika saruji na chuma bila kuhatarisha nyumba za Eastlands

KILA jumba la ghorofa linaloinuka Pipeline, Tassia, Kayole au Umoja, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, limebeba ndani ya kuta na nguzo zake deni ambalo mpangaji halioni. Deni hilo ni gesi ya kaboni iliyotoka viwandani wakati saruji na chuma vilipokuwa vikitengenezwa.

Kote duniani, utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 7 ya gesi ya kaboni itokanayo na shughuli za binadamu, na chuma huchangia kiasi kinachokaribia hicho.

Kenya huchangia sehemu ndogo mno ya gesi zinazoongeza joto duniani. Hata hivyo, athari zake haziepukiki. Wakazi wa Mathare na Mukuru waliopoteza makao katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanalifahamu hilo vyema.

Kiini cha tatizo la saruji ni klinka, yaani vigae vigumu vinavyopatikana baada ya mawe ya chokaa na udongo kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha kusagwa.

Takriban asilimia 60 ya kaboni inayotoka katika kazi hiyo haitokani na makaa wala mafuta yanayowasha tanuri, bali hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapopasuliwa na joto. Kwa hivyo, hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi, sehemu kubwa ya gesi hiyo ingali itatoka.

Njia mojawapo ni kuinasa gesi hiyo kabla haijafika angani. Nchini Norway, kiwanda cha saruji cha Brevik kilizindua mtambo wa aina hiyo Juni 2025, unaokusudiwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Hata hivyo, gharama yake ni kubwa mno, na serikali ya nchi hiyo ililazimika kugharimia sehemu kubwa.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa Kenya ni kupunguza klinka katika kila mfuko. Jambo hili si geni. Saruji ya kiwango cha 32.5 yenye jivu la volkano, ambayo mafundi wengi wa Eastlands huitumia kila siku, huwa na klinka ya kati ya asilimia 45 na 64 pekee.

Aidha, wataalamu kutoka Uswisi, India na Cuba wamebuni saruji inayochanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa, mawe ya chokaa mabichi na klinka takriban asilimia 50. Udongo huo huchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi, na saruji hiyo inaweza kupunguza kaboni kwa hadi asilimia 40.

Hofu iliyopo ni uimara. Wakazi hawajasahau jumba lililoporomoka Huruma, Aprili 2016, na kuua zaidi ya watu 40.

Lakini klinka kidogo si lazima iwe na maana ya jengo dhaifu. Saruji ya 32.5 hufaa kwa lipu na kuunganisha mawe, ilhali nguzo za jumba la ghorofa nyingi huhitaji ile ya 42.5. Hatari huzuka pale fundi anapotumia ya kwanza mahali pa ya pili, au anapozidisha mchanga na maji ili kubana matumizi. Dawa yake ni ukaguzi wa kaunti na viwango vya KEBS kuzingatiwa.

Kuhusu chuma, Kenya ina nafasi nzuri. Viwanda vingi nchini huyeyusha vyuma vikuukuu kwa umeme, na takriban asilimia 90 ya umeme wa taifa hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Chuma cha aina hiyo huwa na kaboni kidogo mno kikilinganishwa na kile kinachotengenezwa kwa makaa ya mawe, ambacho hutoa takriban tani mbili za kaboni kwa kila tani.

Hapa ndipo wakusanyaji vyuma wa Kariobangi na Dandora wanapoingia. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 kutokana na uharibifu wa mitambo ya umeme, kabla ya kuiruhusu tena Mei mwaka huo, ilikata pia njia hiyo ya malighafi. Leseni na ukaguzi chini ya sheria ya 2015 ni heri kuliko marufuku.

Muungano wa Ulaya ulianza Januari 2026 kutoza ada ya kaboni kwa saruji na chuma kutoka nje. Lakini kwa kuwa saruji ya Kenya huuzwa hasa nchini na katika mataifa jirani, msukumo wa mageuzi itabidi utoke nyumbani.

Mnunuzi mwenye uwezo huo ni serikali yenyewe, inayojenga nyumba za bei nafuu Mukuru na Shauri Moyo kwa ada ya asilimia 1.5 ya mishahara. Ikiweka katika zabuni zake kiwango cha juu cha kaboni kinachokubalika kwa kila mfuko wa saruji, bila kulegeza masharti ya uimara, viwanda vitakuwa na soko la kuvishawishi kubadilika.