Akipotea mtu Eastlands, faili huanzia wapi?

Mpwani anayekwenda Nairobi kutafuta riziki kwa kawaida hafikii Karen wala Westlands. Hufikia Majengo ya Pumwani kwa jamaa, mtaa ambao Waswahili wameishi tangu miaka ya 1920, ama Kayole kwa rafiki aliyemtangulia, ama Mukuru kwa Njenga karibu na viwanda. Mimi nimekaa upande huo wa jiji kwa miaka kadhaa. Swali ambalo watu wa nyumbani huniuliza kuliko yote halihusu kodi wala kazi. Ni hili: kijana wetu hapatikani kwa simu, siku ya tatu leo, tuanzie wapi?

Nalijibu hapa kwa sababu kesi nyingi za watu waliopotea au kuuawa katika mitaa hii hazikufika mahakamani zikashindwa. Hazikuanza kabisa. Mtu alipotea, familia ikalia, lakini karatasi ya kwanza haikuandikwa. Na mtu ambaye hakuandikwa alipopotea, akipatikana maiti, ni rahisi kuandikwa "hajulikani".

Tazameni yaliyotokea Kware, Mukuru kwa Njenga. Julai 2024 wakazi walianza kutoa mifuko yenye miili ya wanawake kutoka timbo la mawe lililoachwa na kugeuzwa jaa la taka. Timbo hilo liko karibu sana na kituo cha polisi, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Polisi walimkamata mshukiwa, wakasema amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akasema aliteswa ndipo akasema hayo. Mwezi uliofuata, mshukiwa huyo akatoroka katika seli za kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12.

Mimi sijui ni yupi aliyesema kweli, polisi au wakili. Hilo ni la mahakama. Ninalouliza ni jengine: ikiwa miili ilikuwa ikitupwa pale kwa muda, kila mwanamke alikuwa na mama, au dada, au jirani wa mlango wa pili. Wangapi kati yao walikwenda kituoni wakaambiwa "huenda ameolewa", "huenda amekwenda kwa mpenzi wake", wakarudi nyumbani mikono mitupu?

Basi tuanze na kosa linalotugharimu zaidi. Watu wengi huamini kwamba ni lazima usubiri saa 24 kabla ya kuripoti mtu amepotea. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Saa 24 unazozisikia zimo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 49, na zinawahusu polisi wenyewe: mtu aliyekamatwa ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Saa hizo ni deni la polisi, si deni la familia. Ripoti siku hiyo hiyo.

Unaporipoti, usiondoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya maelezo yako katika kitabu cha matukio cha kituo. Haina malipo. Andika pia jina la askari aliyekuhudumia, tarehe na saa. Bila nambari hiyo, kesho utasimulia upya kama mgeni. Ukiwa nayo, kila ofisi utakayokwenda ina pa kushika. Akiwa ni mtoto, piga 116 pia, ni bure. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina huduma ya kuwatafuta jamaa waliopoteana.

Ikiwa mashahidi waliona mtu wenu akichukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa polisi, njia ni nyengine. Zungukeni vituo vyote vya karibu mukiuliza, na kila mnapojibiwa "hayuko" andikeni. Kisha wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri kwamba mtu huyo aletwe mbele ya jaji, akiwa hai ama maiti. Katiba, kifungu cha 25, inasema haki ya kuomba amri hiyo haiwezi kuwekewa mipaka. Orodha ile ya vituo mulivyozunguka ndiyo itakayokuwa ushahidi wenu.

Sasa tuje kwa waliouawa. Mathare, Dandora, Kayole na Huruma, vijana wengi wamepigwa risasi na habari yao gazetini ikawa mstari mmoja: mshukiwa wa ujambazi ameuawa. Neno hilo hufunga faili kabla halijafunguliwa, kwa sababu majirani huogopa kumlilia jambazi hadharani. Mwaka 2017 Kituo cha Haki cha Mathare kilitoa ripoti iliyokusanya vifo vya namna hii. Akina mama wa waliouawa nao wakaunda mtandao wao, wakawa wanasindikizana mahakamani na mochari. Mwaka huo huo video ya kuuawa kwa vijana wawili Eastleigh, mchana, mbele ya watu, ilienea nchi nzima. Hata kwa ushahidi wa macho kama huo, ilipita zaidi ya miaka 5 kabla ya kesi ya mauaji kuidhinishwa. Fikirieni asiyekuwa na video.

Sheria inasema askari akiua mtu kwa silaha, ni lazima IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ijulishwe. Lakini familia isingoje kujulishwa kwa niaba yake. Nendeni wenyewe mukaandike malalamiko.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi Waislamu wa pwani hasa. Twapenda kumsitiri maiti wetu mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na ni vyema. Lakini mtu aliyeuawa akizikwa bila daktari kumchunguza, ushahidi umezikwa naye. Uchunguzi wa maiti waweza kufanywa haraka ukisimamiwa, na familia ina haki ya kumleta daktari wake ashuhudie. Shirika la IMLU husaidia familia zisizokuwa na uwezo. Ombeni hilo asubuhi, na Mungu akijaalia jioni mutazika.

Na asiyekuwa na jina? Mwili unaookotwa hupelekwa mochari ya jiji, na polisi huchukua alama za vidole kuzilinganisha na rekodi za vitambulisho. Kijana asiyekuwa na kitambulisho hana alama popote, na sisi wapwani twaijua foleni ya kitambulisho. Miili ikikaa bila kudaiwa, kaunti hutoa tangazo, muda ukipita huzikwa pamoja Lang'ata. Kwa hivyo mukimtafuta mtu, musiogope mochari. Ingieni, angalieni, rudini tena. Shakahola ilitufundisha haya hapa hapa Kilifi: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na familia zilianza kukabidhiwa wao Machi 2024 tu, baada ya kupimwa DNA.

Wala tusidhani haya ni ya Nairobi pekee. Mwaka 2016 Haki Africa ilitoa ripoti ya watu 81 waliouawa au kupotea pwani yetu tangu 2012. Kichwa cha ripoti kiliuliza familia zitaambiwa nini. Mke wa aliyepotea hajui kama ni mke au mjane, akae eda au asikae. Mirathi haigawiki. Mahakama humchukulia mtu kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka 7. Hiyo ni miaka 7 ya kusomesha watoto kwa jina la mtu ambaye hayuko, wala hajafa.

Serikali nayo ina deni lake. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vyenye utata, na miaka ikapita bila ofisi hiyo kufunguliwa. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kupotezwa kwa watu mwaka 2007, lakini haikuuidhinisha. Mbunge akija kuomba kura, haya ni maswali ya kumuuliza.

Na wewe ambaye mwanao anapanda basi wiki ijayo, hifadhi nakala ya kitambulisho chake, picha ya karibuni, jina la mtaa na la ploti anayofikia, na nambari za watu wawili wanaoishi naye. Si kumtabiria mabaya. Ni ili siku simu isipopokewa, uwe na cha kuandikisha kituoni, siku hiyo hiyo.