Milima ya Masisi na Msitu wa Walikale

Masisi na Walikale ni nchi mbili zilizo jirani katika Kivu ya Kaskazini. Masisi iko juu, Walikale iko chini. Msafiri atokaye Goma hupita Sake, hupanda milima ya Masisi, kisha huteremka kuelekea magharibi mpaka Walikale.

Huko Masisi vilima vingi vimepita mita 2,000. Asubuhi kuna baridi na ukungu. Mtu huona malisho ya kijani, ng'ombe, mashamba ya maharagwe, viazi na mahindi. Jibini ya Masisi hujulikana mpaka mbali. Walikale ni nchi ya joto. Huko ndiko uliko msitu mkubwa, wenye miti iliyosongamana hata mwanga wa jua haufiki chini vizuri. Msitu huo ni sehemu ya msitu wa bonde la Kongo, ambao ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu yote ya nchi za joto. Wa kwanza ni ule wa Amazon, katika Amerika ya Kusini.

Zamani milima ya Masisi nayo ilikuwa na msitu mwingi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji miti mingi ilikatwa, yakafunguliwa mashamba makubwa na malisho. Baadaye watu waliongezeka, na kila jamaa ilitafuta mahali pa kulima. Siku hizi vilima vingi havina mti.

Je, jambo hilo lawahusu watu wa Walikale? Ndiyo, kwa sababu nchi hizi mbili zimeunganishwa na maji. Mto Oso hutoka milima ya Masisi, huingia katika mto Lowa huko Walikale. Lowa nao huingia katika Lualaba, ambao ndio mto Kongo. Basi, lifanyikalo juu huonekana chini.

Kazi tatu za msitu

Kazi ya kwanza ni kushika udongo na maji. Wanafunzi waweza kuona jambo hilo kwa macho yao. Chukueni vibao viwili, mviinamishe kidogo. Juu ya kimoja wekeni udongo mtupu. Juu ya cha pili wekeni udongo uliochimbuliwa pamoja na majani na mizizi yake. Kisha mwagieni kila kimoja kikombe cha maji, polepole. Katika kibao cha kwanza maji yatashuka upesi, nayo yatakuwa mekundu na mazito. Katika cha pili yatashuka taratibu, na udongo utabaki mahali pake.

Hivyo ndivyo ilivyo mlimani. Mvua kubwa ikinyesha juu ya kilima kitupu, udongo mzuri wa juu huchukuliwa mpaka mtoni, na mwenye shamba huvuna kidogo mwaka hata mwaka. Tena mlima wenyewe waweza kuporomoka. Mwezi wa Aprili 2023 udongo uliporomoka huko Bolowa, katika Masisi, ukaua watu. Si kila poromoko lina sababu moja, lakini mteremko usio na mizizi ya miti huporomoka kwa urahisi zaidi.

Kazi ya pili ni kuleta mvua. Mti hunywa maji kwa mizizi, halafu huyatoa kwa majani kama mvuke usioonekana. Mvuke hupanda, huwa mawingu, nayo mawingu hunyesha tena. Sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo hurudishwa angani na msitu wenyewe kwa njia hii.

Kazi ya tatu ni kuweka akiba ya hewa ya ukaa. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Mti huivuta, huitumia kutengeneza shina, matawi na mizizi. Mti ukichomwa, hewa ya ukaa hurudi angani.

Hewa hiyo hufanya kazi kama blanketi. Usiku wa baridi huko Masisi, blanketi moja humfaa mtoto. Ukimwekea matano, atatoka jasho na kukosa usingizi. Kabla ya watu kujenga viwanda vingi, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Sehemu kubwa imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi zilizochomwa katika viwanda, magari na mitambo ya umeme, hasa katika nchi za matajiri. Mkulima wa Masisi ameongeza kidogo sana. Hata hivyo dunia ni moja, na joto lake huwafikia wote. Mvua huweza kuchelewa, au kuja nyingi mno kwa mara moja, na mkulima hana ghala kubwa la kumponya.

Gorila, mpandaji wa miti

Katika msitu wa Walikale yuko mnyama asiyepatikana po pote duniani ila mashariki mwa Kongo. Huyo ni gorila wa Grauer. Dume mzee aweza kupita kilo 200, na mgongo wake huwa na manyoya meupe kama fedha. Nguvu zake ni nyingi, lakini hula majani, mashina na matunda. Akila matunda, humeza mbegu, na mbegu hutoka katika mavi yake mahali pengine, zikaota. Hivyo gorila hupanda miti bila jembe.

Jike huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka minne hivi kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo wakiuawa wengi, hawajazi pengo upesi. Miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba wako 17,000 hivi. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kwamba wamebaki 3,800 hivi. Mwaka 2021 walitoa hesabu ya 6,800. Si kwamba walizaana upesi hivyo, bali wahesabuji waliweza kufika mahali pengi zaidi.

Kwa nini walipungua? Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilileta bunduki nyingi msituni. Tena kuna madini: koltani, itumikayo katika simu, na kasiteriti, itoayo bati. Mwaka 2002 watu walianza kuchimba kasiteriti katika mlima wa Bisie, huko Walikale, na maelfu wakafika kwa miguu. Mahali penye watu wengi bila mashamba, nyama ya porini huliwa sana. Wachimbaji wengi walikuwa watu waliokimbia vijiji vyao, wakitafuta chakula cha watoto wao.

Vivyo hivyo mama wa Goma apikaye maharagwe juu ya mbabula hana kosa. Sharti watoto wale. Lakini gunia la makala hutoka katika mti, na mti usiopandwa haurudi. Basi shida ni hii: watu wapate chakula na moto, na msitu ubaki.

Watu walioanza

Wako walioanza kazi hiyo. Mwaka 1998 wakubwa wa kimila waliamua kutenga msitu wa Tayna usikatwe wala wanyama wake wasiwindwe. Mwaka 2006 serikali iliutambua, pamoja na ule wa Kisimba-Ikobo katika Walikale. Tangu mwaka 2012 jamaa zenye misitu huko Nkuba hulinda gorila kwenye ardhi yao wenyewe, na vijana wa vijijini hupata mshahara kwa kufuata nyayo zao. Na mwaka 2007, kwa kazi iitwayo EcoMakala, wakulima wa Kivu ya Kaskazini walianza kupanda mikalitusi na miti mingine kwa ajili ya kuni na makala, ili msitu wa asili upumzike.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato Si', juu ya kuitunza dunia kama nyumba ya wote. Fundisho hilo ni la zamani. Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba mtu wa kwanza alipewa bustani pamoja na kazi mbili: kulima na kulinda. Watu wa Masisi na Walikale hujua sana kazi ya kwanza. Mikono yao yashuhudia. Mtoto apandaye mti mmoja ukingoni mwa shamba la baba yake ameanza ile ya pili.

Maswali

1. Maji ya Masisi hufikaje katika mto Kongo?
2. Fanyeni jaribio la vibao viwili. Mmeona nini?
3. Kwa nini gorila huitwa mpandaji wa miti?
4. Ni nani aliyeongeza hewa ya ukaa zaidi, na ni nani apatwaye na hasara?
5. Ulizeni wazee: mahali penu palikuwa na miti gani zamani? Andikeni majina yake.