Spiriti Isiyotokana na Sukari (Sehemu ya Pili)

Msimu wa korosho ukifika, apitaye vijiji vya Nachingwea na Ruangwa hupokewa na harufu ya mabibo yaliyochachuka chini ya mikorosho. Hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachache, yakawa uraka. Kazi hiyo hufanywa na hamira ya asili, ambayo hula sukari na kutoa spiriti. Wiki iliyopita tuliishia hapo. Leo tunamtazama kiumbe mwingine mdogo, anayetoa spiriti ileile bila kuonja sukari. Chakula chake ni hewa.

Tena si hewa ya heri. Ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, madirisha yakafungwa, watu wakalala wasiamke. Kwetu ni sumu kwa sababu huing'ang'ania damu, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kwa bakteria aitwaye Clostridium autoethanogenum, huo ndio ugali. Watafiti wa Ubelgiji walimpata kwenye mavi ya sungura, wakamtangaza mwaka 1994. Hustawi kwenye joto la nyuzi 37, kama la mwili wa mtu, na hawezi kukua penye oksijeni. Akishapata nguvu za kuishi kutokana na hewa hiyo, hutoa ethanoli na asidi ya siki.

Kampuni ya LanzaTech, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2005, ndiyo iliyomfikisha kiwandani. Moshi wa matanuri ya chuma hupitishwa kwenye matangi marefu yenye maji na bakteria. Urefu huo una sababu: hewa hii huyeyuka majini kwa shida, hivyo mapovu yanatakiwa yakawie njiani ili bakteria wayawahi. Kisha maji hukenekwa, spiriti ikatengwa. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara kilianza China mwaka 2018. Kile cha Ghent, Ubelgiji, kilizinduliwa Desemba 2022, kikikusudiwa kutoa lita milioni 80 kwa mwaka.

Lindi hatuna tanuri la chuma. Tuna maganda ya korosho na magunzi. Taka hizo zikipashwa moto mkali kwa hewa haba, hutoa kaboni monoksidi na hidrojeni, na bakteria huyu anazila zote mbili. Mchoma mkaa anaujua mwanzo wa jambo hili: hufukia tanuri lake kwa udongo, kuni zisipate hewa ya kuteketea. Ila ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji, na hewa yake hutoka na lami ambayo lazima isafishwe kabla ya kufika kwenye tangi. Kazi hiyo ni ngumu na ina gharama.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa nakiona mnadani. Korosho za wakulima wa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuzwa zikiwa ghafi, na sehemu kubwa ya korosho za Tanzania hupanda meli kwenda India na Vietnam na maganda yake. Katika kila tani moja, karibu kilo 700 ni ganda. Tunauza kuni zetu pamoja na chakula, na hakuna anayezihesabu.

Sihimizi matangi yajengwe kesho. Nachingwea imeshaletewa mradi mkubwa kabla ya wakati wake: mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukafutwa 1951, na reli iliyoletwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Ninachohimiza ni kubangua hapahapa. Viongozi wa vyama vya msingi, msimu ujao pimeni maganda yanayobaki kwa wabanguaji walioko wilayani kwenu, mkaandike kilo. Bila takwimu hiyo hakuna mhandisi atakayeweza kuwasaidia.

Wiki ijayo: samadi na gesi ya kupikia.